Sanduku Lenye Kufuli Mbili: Kwa Nini Demokrasia Iliyumba katika Nchi Zilizotoka katika Ukomunisti

Jumapili moja ya likizo iliyopita nilikuwa nasaidia kuhesabu sadaka parokiani kwetu. Aliyekaa karibu nami ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa historia. Tulipomaliza kufunga mafungu ya noti, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Frateri, mwaka 1989 nilikuwa nasikiliza redio kila usiku. Tulishangilia Wapoland walipoushinda ukomunisti bila risasi. Sasa nasikia hao hao wamegombania mahakama miaka mingi. Jirani zao wa Hungaria wanalaumiwa kwamba demokrasia yao imepinda. Urusi ndiyo usiseme. Walikosea wapi?"

Nilimjibu upesi kwamba tatizo ni viongozi wabaya. Akatabasamu. "Viongozi wabaya wako kila nchi. Mbona si kila nchi inayumba?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi seminarini na swali lile, na katika somo la falsafa ya siasa nimekuwa nikilisomea. Makala hii ni jaribio langu la pili la kumjibu mwalimu, na ninaamini litawafaa pia wasomaji wengine waliokwisha kujiuliza jambo hilo.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: katika nyingi ya nchi hizo, kanuni za utawala ziliandikwa kwa haraka na mara nyingi kwa kumlenga mtu au chama fulani, kisha zikaachwa katika hali ambayo mshindi mmoja angeweza kuzibadilisha peke yake. Hasira za wananchi na tamaa za viongozi zipo kila mahali. Taasisi ndizo zinazoamua kama hasira na tamaa hizo zitakutana na mlango uliofungwa au ulio wazi.

Taasisi zenye majina bila nguvu

Ninaposema taasisi simaanishi majengo. Namaanisha kanuni zilizokubaliwa kuhusu nani anaamua nini, kwa muda gani, na nani anaweza kumzuia. Bunge ni taasisi. Mahakama ni taasisi. Ukomo wa muhula wa rais nao ni taasisi.

Watu wengi hudhani kwamba nchi za kikomunisti hazikuwa na vitu hivyo. Zilikuwa navyo vyote. Poland ilikuwa na katiba ya mwaka 1952, Hungaria ya mwaka 1949. Zilikuwa na mabunge, mahakama na hata chaguzi. Tena, kwa maandishi, mabunge yale yalikuwa na mamlaka makubwa mno, kwa sababu itikadi ilisema mamlaka yote ni ya umma na hayagawanyiki. Kwa vitendo, mwamuzi alikuwa chama. Huko Urusi watu walikuwa na msemo wa "sheria ya simu": jaji alisikiliza kesi, lakini hukumu ilitoka kwa mkubwa aliyempigia simu.

Sasa fikiri kilichotokea chama kilipoondoka. Zile karatasi zilizokuwa pambo tu zikapata uhai ghafla. Bunge ambalo kwa miaka arobaini lilipiga makofi likajikuta na mamlaka makubwa kweli. Jaji aliyezoea kusubiri simu akajikuta hana wa kumpigia. Hakuna aliyekuwa amejifunza mipaka ya kazi yake, maana mipaka haikuwahi kuhitajika. Hapo ndipo kuyumba kulipoanza.

Urusi: fahali wawili zizi moja

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Urusi. Katiba iliyokuwa ikitumika baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovyeti mwezi Desemba 1991 ilikuwa ni ile ya zamani, ya mwaka 1978, iliyotiwa viraka vingi. Katiba hiyo ililipa Kongamano la Wawakilishi wa Umma, lililochaguliwa mwaka 1990, uwezo wa kuamua jambo lolote la nchi. Juu ya hapo kikawekwa cheo kipya cha rais, na tarehe 12 Juni 1991 Boris Yeltsin akachaguliwa na wananchi moja kwa moja.

Basi kila upande ukasema, "Mimi ndiye niliyechaguliwa na wananchi." Na kila upande ulikuwa sahihi. Fahali wawili hawakai zizi moja, na katiba ile ilikuwa imewafungia ndani wote wawili bila kuweka ukuta kati yao. Hapakuwa na mwamuzi ambaye pande zote mbili zilimkubali.

Tarehe 21 Septemba 1993 Yeltsin alitoa amri ya kulivunja bunge, jambo ambalo katiba haikumruhusu. Bunge likamtangaza makamu wake kuwa rais. Tarehe 4 Oktoba vifaru vililipiga mabomu jengo la bunge katikati ya Moscow. Zaidi ya watu 100 walikufa katika siku hizo.

Kilichofuata ndicho kinachotufundisha zaidi. Katiba mpya iliandikwa na upande ulioshinda, ikapigiwa kura ya maoni tarehe 12 Desemba 1993. Siku hiyo hiyo wananchi walichagua wabunge wa bunge jipya ambalo katiba yake ilikuwa bado haijapitishwa. Katiba hiyo ilimpa rais nguvu nyingi. Kwa mfano, kama bunge lingemkataa mara tatu mtu aliyependekezwa kuwa waziri mkuu, rais angeweza kumteua na kulivunja bunge lenyewe. Mbunge gani angependa kurudi jimboni kuomba kura kwa sababu ya kumkataa waziri mkuu?

Mwaka 1993 watu wengi wenye nia njema waliunga mkono mpangilio huo kwa sababu walimwona Yeltsin kama mtetezi wa mageuzi. Walisahau kwamba cheo hudumu kuliko mtu. Vladimir Putin alipoingia madarakani mwaka 2000, alikikuta kiti kile tayari kimetengenezwa. Katiba ilikataza rais kutumikia zaidi ya vipindi viwili vinavyofuatana. Neno "vinavyofuatana" likawa upenyo: mwaka 2008 akawa waziri mkuu, mwaka 2012 akarudi urais. Wakati huo huo kipindi cha urais kilikuwa kimeongezwa kutoka miaka minne hadi sita, na mwaka 2020 marekebisho mengine yakaruhusu vipindi vyake vya nyuma visihesabiwe. Hatua hizo zilipita kwa maandishi, mihuri na kura.

Poland: koti lililoshonwa kwa mtu mwingine

Poland ilianza kwa njia nzuri zaidi. Kuanzia Februari hadi Aprili 1989, serikali ya kikomunisti na chama cha wafanyakazi cha Solidarność, yaani Mshikamano, walikaa kwenye mazungumzo yaliyojulikana kama Meza ya Duara. Kanisa lilikuwa shahidi wa mazungumzo hayo. Walikubaliana kwamba katika Sejm, yaani bunge la chini, asilimia 65 ya viti vitengwe kwa wakomunisti na washirika wao, na asilimia 35 vigombewe kwa uhuru. Seneti yote, viti 100, ingegombewa kwa uhuru. Uchaguzi ulipoanza Juni 4, Solidarność ilikuja kupata viti 99 vya Seneti.

Lakini ndani ya makubaliano hayo kulikuwa na jambo lililokuja kusumbua baadaye. Wakomunisti walitaka uhakika wa kubaki na sauti, hivyo kikaundwa cheo cha rais mwenye nguvu, kikimlenga Jenerali Wojciech Jaruzelski. Lilikuwa koti lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja. Mwaka uliofuata Jaruzelski aliondoka, na mwezi Desemba 1990 koti likavaliwa na Lech Wałęsa, kiongozi wa Solidarność, sasa akiwa amechaguliwa na wananchi wote. Hakuna aliyejua kwa hakika mikono ya koti lile inaishia wapi. Rais na mawaziri wakuu wakavutana kuhusu jeshi, polisi na mambo ya nje. Katiba ndogo ya mwaka 1992 ilijaribu kupanga mambo, lakini bado ilimwachia rais sauti katika wizara hizo hizo.

Kanuni za uchaguzi nazo ziliongeza kuyumba. Mwaka 1991 hapakuwa na kiwango cha chini cha kura kwa nchi nzima ambacho chama kilipaswa kufikisha ili kiingie bungeni. Matokeo yake, makundi 29 yaliingia katika Sejm. Kuunda serikali ikawa kama kushona mkeka kwa vipande vya kila rangi. Kati ya mwaka 1989 na 1993 Poland ilikuwa na mawaziri wakuu watano, na serikali ya Hanna Suchocka iliangushwa mwezi Mei 1993 kwa tofauti ya kura moja.

Wakasahihisha kosa hilo kwa kwenda upande wa pili. Waliweka kizingiti cha asilimia 5 kwa vyama na asilimia 8 kwa miungano. Vyama vya mrengo wa kulia vilikuwa vimegawanyika mno, na theluthi moja hivi ya kura zote zikapotea bila kumpeleka mtu bungeni. Vyama viwili vilivyotokana na mfumo wa zamani, vikiwa na takriban asilimia 36 ya kura, vikapata viti 303 kati ya 460. Fikiri mkulima aliyefungwa miaka ya themanini kwa ajili ya Solidarność, akiwaona waliomfunga wakirudi na karibu theluthi mbili ya viti. Kura zilihesabiwa sawasawa, lakini moyoni mwake alihisi ameibiwa. Hisia hiyo ilibaki katika siasa za Poland kwa miaka mingi.

Hungaria: mlango wa theluthi mbili

Hungaria kwa muda mrefu ilisifiwa kama mwanafunzi bora wa darasa. Serikali zake zilidumu, vyama vilipokezana madaraka, na Mahakama yake ya Katiba iliheshimika Ulaya nzima. Hata hivyo, msingi ulikuwa na ufa, na wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 1989 Wahungaria hawakuandika katiba mpya. Walibadilisha karibu kila kifungu cha ile ya mwaka 1949, na utangulizi wake ulisema wazi kwamba ni ya muda mpaka itakapopatikana nyingine. Ili kuibadilisha ilitosha theluthi mbili ya wabunge wa bunge lenye chumba kimoja tu. Hapakuwa na Seneti wala ulazima wa kura ya maoni.

Kwa kawaida theluthi mbili ni kufuli imara. Lakini kanuni za uchaguzi za Hungaria zilimpa mshindi viti vingi kuliko kura zake, ili serikali iwe thabiti. Kanuni hizi mbili, kila moja ikiwa na busara yake, zilipokutana zilifungua mlango. Mwaka 1994 Wasoshalisti walipata asilimia 33 ya kura za orodha za vyama na asilimia 54 ya viti. Pamoja na washirika wao waliberali walivuka theluthi mbili. Wangeweza kuandika katiba peke yao. Hawakufanya hivyo. Badala yake, mwaka 1995 waliongeza kanuni kwamba utaratibu wa kuandaa katiba mpya lazima ukubaliwe na wabunge wanne kati ya kila watano. Ni tendo la kujizuia ambalo halikumbukwi sana.

Ila kanuni hiyo ya nne ya tano yenyewe ilikuwa imewekwa katika katiba inayobadilishwa kwa theluthi mbili. Ni sawa na kufunga ghala kwa kufuli kubwa, halafu ufunguo ukauning'iniza msumarini mlangoni. Mwaka 2010 chama cha Fidesz cha Viktor Orbán na mshirika wake walipata karibu asilimia 53 ya kura na viti 263 kati ya 386, yaani zaidi ya theluthi mbili. Waliifuta kanuni ya nne ya tano. Mwezi Aprili 2011 walipitisha katiba mpya kwa kura zao wenyewe, na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2012.

Baada ya hapo hatua zilifuatana. Mamlaka ya Mahakama ya Katiba kuhusu bajeti na kodi yalipunguzwa. Umri wa majaji kustaafu ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 62, majaji wengi wenye uzoefu wakaondoka kwa mkupuo. Mwezi Novemba 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hatua hiyo ilivunja sheria za Umoja huo. Kanuni za uchaguzi ziliandikwa upya na duru ya pili ikafutwa, jambo lililowaumiza wapinzani waliogawanyika. Mwaka 2014 Fidesz ilipata takriban asilimia 45 ya kura na viti 133 kati ya 199. Tena theluthi mbili.

Kuna jambo moja zaidi. Katiba mpya iliweka mambo mengi, yakiwemo baadhi ya kanuni za kodi na pensheni, katika sheria zinazohitaji theluthi mbili kubadilishwa. Maana yake ni kwamba serikali inayokuja ikiwa na wingi wa kawaida ingeyakuta yamefungwa. Aliyeingia kwa mlango wazi akaufunga nyuma yake.

Kesi ya nyani, hakimu ngedere

Turudi Poland, maana hapo ndipo swali la mwalimu kuhusu mahakama linapojibiwa.

Katiba ya Poland ya mwaka 1997 ilitatua mengi. Iliwekwa kanuni kwamba waziri mkuu haangushwi mpaka bunge limtaje papo hapo atakayeshika nafasi yake. Serikali zikaanza kudumu. Lakini majaji 15 wa Mahakama ya Katiba waliendelea kuchaguliwa na Sejm kwa wingi wa kawaida. Nchini Ujerumani majaji wa mahakama kama hiyo huhitaji theluthi mbili, hivyo serikali na upinzani hulazimika kuelewana. Poland hapakuwa na ulazima huo, na kwa miaka mingi watu walitegemea uungwana.

Uungwana uliisha mwaka 2015. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba, bunge lililokuwa linaondoka lilichagua majaji watano, ingawa wawili kati yao walikuwa wa nafasi ambazo zingekuwa wazi baada ya bunge jipya kuanza. Wenye kuondoka nao walikuwa wamenyoosha mkono mbali mno. Chama cha Sheria na Haki, kilichoshinda kwa karibu asilimia 38 ya kura na viti 235 kati ya 460, kikajibu kwa kishindo: Rais Andrzej Duda hakumwapisha hata mmoja wa wale watano, na bunge jipya likachagua watano wengine. Mahakama ya Katiba ilisema watatu wa mwanzo walichaguliwa kihalali na wawili hapana. Uamuzi huo haukufuatwa. Mwaka 2016 serikali ilifika hatua ya kukataa kuchapisha hukumu ya mahakama hiyo.

Kisha likaja Baraza la Taifa la Mahakama, chombo kinachopendekeza majina ya majaji nchi nzima. Katiba ilisema wajumbe 15 wa baraza hilo wachaguliwe kutoka miongoni mwa majaji. Haikutaja wazi kwamba wachaguliwe na majaji wenyewe. Kwa miaka kama ishirini ilieleweka hivyo. Mwaka 2017 sheria mpya ikasema watachaguliwa na Sejm. Neno moja lililoachwa bila kuandikwa lilitosha. Waswahili husema kesi ya nyani huwezi kumpelekea ngedere. Mwananchi anayeishtaki serikali anahitaji jaji ambaye nafasi yake haitokani na serikali hiyo hiyo.

Mwezi Oktoba 2023 Wapoland walijitokeza kwa wingi mkubwa, asilimia 74, na wapinzani wakapata wingi bungeni. Hata hivyo, kurekebisha kukawa kugumu kuliko kubomoa. Rais kutoka upande wa pili alikuwa na kura ya turufu, na kuivuka kunahitaji wabunge watatu kati ya kila watano. Zaidi ya hapo lipo swali la dhamiri: jaji aliyeteuliwa kwa utaratibu wenye mashaka ametoa mamia ya hukumu za talaka, madeni na mirathi. Ukimwondoa, hukumu hizo zinakuwaje? Nani atawarudia watu wale waliokwisha kuamini kwamba shauri lao limekwisha? Hapo ndipo gharama ya taasisi mbovu inapomfikia mtu ambaye hakuwahi kujali siasa.

Seneti iliyodharauliwa

Ili nisionekane nahubiri kukata tamaa, tuitazame Jamhuri ya Cheki. Nayo ilitoka katika ukomunisti, na nayo imekuwa na kashfa, wanasiasa matajiri na wananchi wenye hasira. Lakini katiba yake ya Desemba 1992 iliweka Seneti ya watu 81 wanaokaa miaka sita, na kila miaka miwili theluthi moja tu ndiyo huchaguliwa. Seneti hiyo haiwezi kuvunjwa. Kubadilisha katiba kunahitaji watatu kati ya kila watano katika vyumba vyote viwili. Majaji 15 wa Mahakama ya Katiba huteuliwa na rais kwa idhini ya Seneti.

Wacheki wengi waliiona Seneti kuwa kazi bure. Ilichelewa hata kuanzishwa. Uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa mwaka 1996. Katika duru za pili, mara kadhaa waliojitokeza hawakufika asilimia 20. Lakini kwa sababu inachaguliwa kwa mafungu na kwa kanuni tofauti, wimbi la hasira la mwaka mmoja haliwezi kuifagia yote. Mwaka 2017 chama cha ANO cha tajiri Andrej Babiš kiliongoza kwa mbali katika bunge la chini, lakini hakikuidhibiti Seneti, na kwa hiyo hakikuwa na njia ya kubadilisha katiba peke yake. Na mwezi Februari 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu ya sheria ya uchaguzi iliyowapendelea wakubwa, na wanasiasa walitii. Ule mwaka vyama vilishindana kwa kanuni mpya, na serikali ikabadilika kwa amani.

Je, ni taasisi tu?

Msomaji anaweza kunipinga: hata taasisi nzuri huharibiwa na watu wasio waadilifu. Ni kweli. Orbán hakupata theluthi mbili kwa bahati tu. Mwaka 2006 ilivuja sauti ya waziri mkuu wa wakati huo, Ferenc Gyurcsány, akikiri mbele ya wenzake wa chama kwamba walikuwa wamewadanganya wananchi. Baadaye ukaja mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008. Wahungaria walikuwa na sababu ya kukasirika. Wale wa mwaka 1995, kwa upande wao, walijizuia ingawa mlango ulikuwa wazi. Fadhila ina nafasi yake.

Mapokeo yetu hayakuwahi kutenganisha mambo haya mawili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anausifu utawala uliochanganyika: mmoja anayeongoza, wachache wenye hekima wanaoshirikiana naye, na watu wote wenye sehemu katika kuwachagua. Anauona mfano wake kwa Musa na wazee wake. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, mwana wa Poland, aliitolea sura nzima mwaka 1989 katika waraka wake Centesimus Annus wa tarehe 1 Mei 1991. Humo anafundisha kwamba ni vema mamlaka moja yasawazishwe na mamlaka mengine, ili sheria itawale na si utashi wa mtu. Katika waraka huo huo anaonya kwamba demokrasia isiyo na tunu hugeuka kwa urahisi kuwa udikteta, wa wazi au wa kificho. Kwa hiyo taasisi bila fadhila hukauka. Lakini fadhila bila taasisi humwachia mtu mmoja mwema mzigo ambao mrithi wake anaweza kuutupa kwa siku moja.

Jibu kwa mwalimu

Mwalimu, nadhani sasa ninaweza kujibu. Watu wale waliitaka demokrasia kweli. Walichokosa ni nafasi ya kutulia na kuandika kanuni kabla ya kujua nani atafaidika nazo. Warusi waliziandika vita vilipokwisha, kwa mkono wa mshindi. Wapoland waliunda cheo kwa ajili ya mtu, na wakaacha maneno muhimu yategemee uungwana. Wahungaria waliacha ufunguo mmoja ufungue milango yote. Wacheki waliweka kufuli ya pili, wakaicheka kwa miaka mingi, na ikawafaa.

Mwalimu mwenyewe analijua hili kuliko mimi. Sanduku letu la sadaka pale parokiani lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mweka hazina, mwingine anao katibu wa halmashauri ya walei, na hesabu hufanywa na watu wasiopungua wanne. Siku ile nilimwuliza kama utaratibu huo haumvunjii heshima mweka hazina, maana ni mtu mwaminifu. Alinijibu bila kuinua macho kwenye noti.

"Ni mwaminifu, ndiyo. Ila kufuli hatukuiweka kwa ajili yake. Tuliiweka kabla hatujamchagua."